Vidonge vya Marehemu

"Umefagia mpaka kizingiti changu, Mzee Shekue. Unanifukuzia wageni," Bi Rukaya alifoka.

"Uchafu hauna mpaka, jirani."

"Na hiyo mikono kutetemeka? Mtaa mzima unajua unameza vidonge vya marehemu."

Mzee aliendelea kufagia. Marehemu mkewe aliandikiwa vidonge vile na daktari kwa maradhi ya kusinzia hovyo. Yeye alivimeza asilale, maana kila alipoamka mkono ulipapasa upande mtupu wa kitanda. Hata njaa ilikuwa imemhama.

Bi Rukaya aliyatazama mashavu yaliyobonyea, akashusha sauti. "Yeye vilimtibu, shemeji. Wewe vinakumaliza."

Ndani kwake, wageni waliozunguka sinia la wali walisogeleana, nafasi ikapatikana mkekani.

"Vua viatu," akasema Bi Rukaya. "Ingia tule."