Gesi Kisimani

Mzee Isihaka alimkuta mgeni amelala kifudifudi ukingoni mwa kisima, akivuta juu mpira mwembamba uliounganishwa na kisanduku cha chuma chenye mshale wa kupimia.

"Kaa chini, Mwenyekiti," mgeni alisema, akijifuta matope. "Nina neno zito."

Jina lake Mhina, kijana wa Handeni aliyesomea miamba ng'ambo. Tangu aletwe kupima visima, alikuwa akilala nyumbani kwa Isihaka na kula chakula cha mkewe, Zuena. Akaeleza polepole. Chini ya ardhi kuna gesi iitwayo redoni, haina rangi wala harufu. Mwamba ukikaribia kupasuka, huenda gesi hiyo ikatoka kwa wingi kupitia visimani. Huko alikosoma, wapo walioiona ikipanda kabla mji haujabomolewa na tetemeko.

"Na hapa je?"

"Imepanda, mzee." Mhina alikuwa akiukunja mpira wake. "Watu waondoke hapa bondeni. Warudi kwao milimani."

Isihaka akaketi chini. Mwaka uliopita, wakati wa operesheni ya vijiji, yeye ndiye aliyewashusha watu hao kutoka milima ya upande wa Dindira hadi hapa tambarare, mbele kidogo ya Mkumbara. Aliwaahidi shule, na shule ikajengwa. Lakini homa za bondeni ziliwamaliza. Mjukuu wake mwenyewe, Mwaija, alizikwa kabla hajaota meno. Tangu siku hiyo Zuena hakumsemesha mumewe ila kwa lazima. Jioni aliketi mlangoni ameielekea milima, basi.

Isihaka akaenda Korogwe. Wakubwa walimcheka, kisha wakamtisha, mwishowe wakamwita Mhina, naye akaapa mbele yao. Wakatoa ruhusa shingo upande: watu wapande, wakae huko hadi hatari ipite.

Siku ya kuhama ilikuwa kama harusi. Wanawake walijitwika vitanda na matenga ya kuku, wakaondoka wakiimba kwa Kishambaa. Zuena alimshika mumewe mkono.

"Nawe twende."

"Nitafuata. Ghala la kijiji siwezi kuliacha hivi hivi."

"Usikawie, baba Abdi. Nitakupikia ndizi za kwetu."

Alicheka alipolisema hilo. Isihaka alisimama njiani akimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, na moyoni akaona kwamba labda Mungu amemsamehe.

Yeye na Mhina wakabaki. Mvua zikashika. Asubuhi moja, Isihaka akipanga magunia ghalani, ardhi ikanguruma. Mabati yakalia, debe likaporomoka, mbwa wakabweka kwa pamoja. Kisha kimya.

Alitoka mbio. Shule imesimama. Nyumba zote zimesimama. Hata chungu kilichoachwa nje kwenye mafiga hakikupinduka. Hakujali; aliona tu kwamba neno la kijana limetimia na watu wake hawamo. Akapiga magoti uwanjani.

"Alhamdulillahi! Wako juu! Wote wako juu!"

Alilia kwa shukrani mpaka ndevu zikalowa. Alipoinua uso kuitazama milima, aliona ubavu mzima umechubuka, mwekundu kama nyama mbichi, toka kileleni hadi mtoni. Palipokuwa na migomba na mapaa ya nyasi hapakuwa na kitu.

Yeye na Mhina walipanda mbio, wakachimba kwa majembe pamoja na waliosalimika, majembe yalipovunjika wakachimba kwa mikono. Waliotolewa wazima walihesabika upesi. Zuena alipatikana jikoni mwake, udongo umejaa kinywani.

Walipokwisha kumvisha sanda, Isihaka alimkamata Mhina shati.

"Mashine yako ilisema bondeni! Ilisema bondeni, mwanangu! Imekosea vipi?"

Kucha za Mhina zilikuwa zimeng'oka kwa kuchimba. Aliitazama ile sanda.

"Haikusema kitu, mzee. Mshale haukusogea hata siku moja. Ni mama huyu alinipigia magoti nikwambie umesogea."