Kuvutwa Mara ya Nne

Graeme alibonyeza kitufe cha kuwashia injini, na injini ikakaa kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Noelene, aliyekuwa akikaanga mayai kwenye jiko dogo la boti, aligeuka na mwiko mkononi.

"Hata haikohoi?"

"Haikohoi."

"Ajabu," alisema, na kweli alionekana kushangaa.

Walikuwa wametia nanga nyuma ya Kisiwa cha Gloucester. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya safari ya wiki sita. Boti nayo iliitwa Noelene, jina la mkewe. Graeme aliliandika kwa mkono wake miaka kumi na mmoja iliyopita, mwezi aliostaafu kufundisha useremala, na mkewe alipoliona alilia mbele ya watu. Tangu hapo, kila kipupwe, waliambaa na pwani ya Queensland wawili tu, wakilala kwenye kitanda chembamba kama ubao wa kupigia pasi, wakila nyama ya kopo, na kumwambia kila waliyekutana naye bandarini kwamba maisha ndiyo haya.

Lakini asubuhi hii lilikuwepo jambo zito kuliko injini. Katika miaka miwili, boti ya uokoaji ilikuwa imewavuta mara tatu. Mara ya tatu, binti yao Janelle aliwakalisha mezani kwake akawaapisha kama watoto: wakivutwa tena, boti inauzwa.

"Mna miaka sabini na tatu," aliwaambia. "Simu ikilia tu, roho inaniruka."

Wakaahidi, Graeme akitazama sakafu, Noelene akimshika mkono chini ya meza.

"Hatuiti mtu mpaka tujaribu kila kitu," Noelene alisema sasa, akizima jiko. "Boti hii ni roho yako."

"Roho yetu," alisema Graeme.

"Yetu, ndiyo."

Graeme akafunua kifuniko cha injini, akainama ndani. Noelene akaleta tochi.

"Nikuangalizie nyaya?"

"Nyaya ziko sawa," Graeme alijibu upesi. "Nimeshazigusa zote. Mimi nahisi ni mafuta."

"Mafuta hapana," alisema Noelene, upesi zaidi. "Niliangalia mwenyewe. Kunywa chai kwanza."

Basi wakaacha nyaya, wakaacha mafuta, wakakagua vingine vyote. Walipima oili. Walivuta mkanda. Graeme aliifungua pampu ya maji, ambayo haikuwa imemkosea kitu, akaifunga tena na kubakiwa na skrubu mbili. Noelene alimsomea kitabu cha injini kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na masharti ya dhamana iliyokwisha miaka tisa nyuma.

Karibu na adhuhuri, bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu alikuja na mtumbwi mdogo kutoka kwenye boti ya tanga iliyokuwa jirani.

"Mimi fundi matrekta," alisema. "Nipeni dakika tano tu."

"Hapana, asante," walijibu wote wawili kwa mpigo.

Yule bwana akapiga makasia kurudi. Walimsikia akimwambia mkewe kwamba wazee wale wana kiburi, lakini inaonekana wanaipenda sana boti yao.

Saa nane upepo ulianza kuvuma.

"Mzee wangu," alisema Noelene, "tumejaribu."

"Tumejaribu, bibie."

"Unaumia?"

"Kidogo. Wewe je?"

"Naumia kwa ajili yako."

Graeme akachukua redio, akaomba msaada kwa sauti isiyotetemeka.

Njia nzima ya kurudi Bowen walikaa nyuma ya boti, wameshikana mikono, wakikitazama kisiwa kikipungua. Noelene alijifuta macho kwa aproni. Vijana wa uokoaji walipowaona, walizima muziki wao kwa heshima.

Janelle alikuwa akiwasubiri gatini, mikono kifuani. Alipomwona mama yake, mikono ikaanguka.

"Mama, usilie basi. Mnanifanya nionekane katili." Akamgeukia baba yake. "Sikilizeni. Labda hii tusiihesabu. Tuseme ilikuwa bahati mbaya."

"Hapana," alisema Graeme.

"Ahadi ni ahadi," alisema Noelene.

Janelle aliwakumbatia wote wawili kwa pamoja. Baadaye alimwambia mumewe kwamba hajawahi kuona watu wakishindwa kwa heshima namna ile.

Kesho yake asubuhi walikuja kushusha vitu vyao. Graeme alibeba magodoro hadi kwenye gari, akipiga mluzi, huku fundi wa gatini, Dino, akiikagua injini kwa ajili ya tangazo la kuuza. Haikumchukua muda. Alitokeza kichwa, akapangusa mikono kwa kitambaa, akamwita Noelene karibu na kushusha sauti.

"Mama, injini hii haina ubovu wowote. Kuna mtu ameichezea. Amefunga koki ya mafuta, halafu, kama vile hiyo haitoshi, amechomoa waya wa stata, ule wa kuwashia, na kuuficha nyuma ya betri."

Noelene alimtazama mumewe, aliyekuwa akirudi kuchukua mito, akipiga mluzi bado.

"Koki niliifunga mimi," alisema taratibu. "Waya gani?"