Dawa ya Viungo

Editha alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitalini Singida, alipomwona mama mzee wa Ilongero, mteja ambaye yeye Editha alimuuzia vidonge vya vimeng'enya kutoka ng'ambo, vya kutibu uvimbe wa viungo.

"Shikamoo, mama," alisema, akificha vidole vyake vilivyovimba ndani ya kanga.

"Marahaba, mwanangu. Dawa za hospitali niliziacha kama ulivyoniambia. Leo nimemleta mjukuu tu." Mama mzee alitembea kwa kushika ukuta, magoti yamemvimba. "Wewe umemsindikiza nani?"

Editha alivuta kanga kufunika vidole zaidi. Vidonge vile yeye mwenyewe alikuwa amevimeza mwaka mzima bila nafuu, na hakumwambia mteja hata mmoja.

"Editha, dawa yako ya viungo," mhudumu akaita dirishani.

Mama mzee akamtazama, kisha akajivuta pembeni kumpisha.