Kiboko na Amri ya Twiga

Mniwie radhi, hekaya hii nitaiharibu. Nilipohadithiwa nilikuwa nacheka, nikakosa nusu.

Mfalme Simba aliishi bara, na kisiwa chake kidogo alikitawala kwa kupeleka magavana. Kila gavana mpya alianza kwa kufuta amri za aliyemtangulia. Kiboko alipofika, aliutaka ufuo wote uwe wa kuogea yeye, na kaa wahame mashimo yao kabla ya adhuhuri.

Kobe, bawabu aliyekwisha kuwahudumia magavana tisa, hakumbembeleza. Alimletea muhuri.

“Ahsante, Mheshimiwa. Gavana Twiga aliitamani sana amri hii, akahamishwa kabla hajaipiga muhuri.”

Kiboko akaweka kalamu chini. “Twiga?”

“Huyo huyo, bwana.”

“Basi kaa wabaki. Sikuja huku kumalizia kazi za Twiga.”

Nje, kaa mmoja akauliza, “Mzee Kobe, kweli Twiga alitaka kutufukuza?”

“Nyie? Kwa shingo ile, hata hakujua kama mpo.”

Nilimcheka sana Kiboko. Kisha nikakumbuka kwamba nilipopewa uenyekiti wa kikundi chetu cha maigizo, siku ya kwanza nililing'oa jukwaa alilojenga mwenyekiti aliyepita, na mpaka leo tunaigizia chini.