Maji Yanaua Risasi

Mtaani kwao, wanandoa wakikosana hushushwa bwawani na mawe kiunoni, wakasimama chini ya maji wakiachana hatua nne, kila mmoja akamfyatulia mwenzake risasi moja ya bastola. Hasira zikiisha, hurudi nyumbani kula. Shtaka la Hidaya lilikuwa lilelile miaka yote: Shomari hamsikilizi.

“Usiogope, mume wangu,” alimwambia ukingoni, akimvalisha miwani ya kuogelea. “Maji yanaua risasi kabla haijafika. Labda mtu akubandike mtutu kifuani.”

Shomari akaitikia kwa kichwa.

Walizama. Hidaya akafyatua, masikio yakamvuma, risasi ikadondoka katikati yao kama kokwa. Kisha Shomari akaanza kumjia, bastola mbele. Hatua moja. Mbili. Hidaya akapiga kelele, yakatoka mapovu.

Safari hii mumewe alikuwa amemsikiliza, neno kwa neno.