Kitambaa Chini ya Mfuniko

Fundi aliiosha injini ya gari la marehemu mume wa Bi Mwanaidi, akaipaka poda, akaiwasha. Bi Mwanaidi akainama naye. Poda ilibaki nyeupe kote, isipokuwa pale mchirizi mweusi ulipoteremka kutoka kwenye mfuniko wa oili.

"Inavujia hapa, mama. Mzee alipaziba kwa kitambaa."

Fundi akakivuta, akakikamua. Yakatokeza maua mekundu. Bi Mwanaidi akaitambua kanga yake, ile aliyoapa mbele za watu kwamba jirani yake, Bi Tatu, ameianua kambani. Tangu siku hiyo hawasalimiani.

"Nikitupe?"

"Nipe."

Akavuka njia, oili ikimchirizika hadi kwenye kiwiko, akapiga hodi kwa Bi Tatu. Ndani, redio ikazimwa.