Giaboksi ya Marehemu

Shafti haikuzunguka. Nikolao aliikazia spana kubwa, akaining'inia kwa uzito wake wote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na giaboksi ikabaki kimya juu ya meza.

"Nilikwambia," alisema mkewe kutoka mlangoni. "January hajaiachia."

Veridiana hakuwa ameingia gereji tangu kitu hicho kiletwe. Alisimama kizingitini na bakuli la unga wa mtama, akiangalia kila kitu isipokuwa meza.

January alikuwa mume wake wa kwanza. Alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa mashamba ya katani, na Mzungu huyo alipofungasha virago baada ya uhuru alimwachia gari lake, Zephyr ya kijivu isiyo na klachi, inayojibadilishia gia yenyewe. Masasi nzima ilitoka nje kuitazama. Vita vya Msumbiji vilipopamba moto, January akawa anawapelekea wapiganaji dawa huko chini ya Newala, kwenye bonde la Ruvuma. Siku moja, mwaka wa sitini na saba, hakurudi. Waliomfuata walikuta gari limechanwa na bomu la ndege ya Wareno, moto umekula viti na kila kilichokuwa juu yake. Wakasema alikufa mbioni, usukani mkononi, akiikimbia ndege. Walizoa konzi mbili za majivu, wakazizika Lisekese, na hotuba ndefu ikasomwa.

Kwa ushahidi wa kaburi hilo, padri wa Lukuledi alikubali kumfungisha Veridiana ndoa nyingine. Nikolao alimngoja miaka mitatu bila kumgusa hata mkono. Sasa walikuwa na Claudia, na mwingine njiani.

Halafu mwaka huu, watu waliohamishiwa kijiji kipya bondeni wakafyeka shamba la ujamaa, wakalikuta gari lile vichakani. Giaboksi, iliyokuwa imejificha chini ya sakafu, ilikuwa nzima. Mwalimu Cyril akainunua, akamletea Nikolao. Alikuwa mtu wa Bukoba, mgeni wa mwaka mmoja, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza. Zephyr yake kuukuu ilikuwa ya klachi, na kwa mguu ule ilikuwa pambo la uani tu. Habari za January hakuzijua, na Nikolao hakumwambia. Angeanzia wapi? Kwamba fundi mzima anaiogopa giaboksi?

Lakini aliiogopa. Alikuwa amechukua mke wa rafiki yake, na sasa alikuwa anachokonoa tumbo la gari lake. Wiki nzima chakula kilimnukia moshi. Claudia alikuwa akiamka analia, na mama yake alikaa macho kitandani, akisikiliza. Rodi ya kuchagulia gia ilikuwa imekatwa na bomu, kwa hiyo hakuna aliyejua iliachwa kwenye gia ipi. Alichokijua Nikolao ni kwamba kitu kilikuwa kimeishika kwa ndani.

"Nipishe nimwombe," alisema Veridiana. "Tumemsumbua."

"Leo hii? Na mwalimu anakuja?"

"Leo hii, Baba Claudia. Sina usingizi mwingine wa kupoteza."

Akaingia hatimaye. Unga humwagiwa aliyekufa, akaombwa alale. Ukimmwagia aliye hai, umemchimbia kaburi. Padri asingefurahi, lakini padri hakuwapo. Veridiana alichuchumaa, akaumwaga chini ya meza taratibu, kwa vidole vitatu, mpaka ukafanya kilima kidogo cheupe.

"January, lala," alisema. "Ni mimi. Huyu ni Nikolao, unamjua, ananitunza. Mwachie kazi yake. Tuachie na sisi."

Mwalimu Cyril aliingia akichechemea na fimbo yake, kitabu kwapani. "Shikamoo fundi! Kitabu cha gari kimefika kutoka Dar."

"Marahaba, Mwalimu. Tafuta panaposema juu ya kukwama."

Mwalimu akakaa juu ya tairi, akaanza kufunua kurasa zile za Kiingereza. Nikolao akafungua kifuniko cha nyuma. Ndani, kijino kinene cha chuma kilikuwa kimezama kwenye meno ya gurudumu, kutu ya miaka sita imekigandisha. Akakimiminia mafuta ya taa, akaweka tindo, akagonga. Akagonga tena. Kijino kikaruka, na shafti ikazunguka mkononi mwake, laini, bila kelele.

Veridiana alishika mdomo. Kisha akacheka, machozi yakimtiririka, kicheko ambacho Nikolao hakuwahi kukisikia tangu amwoe.

"Ameachia! Amelala, Baba Claudia. Amelala!"

Nikolao naye akajikuta anacheka. Alijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza mke yule alikuwa wake.

"Kumbe wala haikuharibika, fundi!" Mwalimu aliinua kitabu, akawaonyesha picha ya kijino kile kile. "Hiki ni cha kuegeshea. Dereva anasimamisha gari, anazima, anakifunga lisije likateremka mlima, ndipo anashuka aende zake. Gari likiwa mbioni, hakiingii kamwe."

Kicheko cha Veridiana kilikatika.

"Rudia hapo pa mwisho, Mwalimu," alisema.

Mwalimu akarudia, polepole, kama yuko darasani.

Nikolao alitaka kumshika mkewe bega. Mkono haukwenda. Veridiana alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza, akiuzoa ule unga na kuurudisha bakulini, hata uliochanganyika na mchanga.